Kipimo cha Rumana

Jumatatu ya kufungua shule Mwalimu Rumana hakuingia darasani. Watoto wa darasa la pili walimngoja, kisha wakaimba wimbo wao wa asubuhi peke yao wakidhani amechelewa. Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imeshashuka vichochoro vyote vya mtaa wa Kibokoni: Rumana amefia hospitalini, damu ikimtoka puani na kwenye fizi. Alizikwa alasiri ile ile.

Siku ya tatu ami yake, mzee Abdulgani, aliingia kituoni bila hata kuamkia.

"Shemeji yangu amemuua bintiye," alisema. "Alikuwa akimpa vidonge. Nimeviona kwa macho yangu."

Inspekta Dama Jefwa alifanya haraka, na haraka hiyo ndiyo aliyokuja kuionea haya. Alipanda ngazi za nyumba ya marehemu pamoja na Konstebo Joab. Wanawake walikuwa wameketi mikekani, juzuu mikononi, wakimsomea maiti wao.

"Bi Khursheed, simama twende."

Kisomo kilikatika. Khursheed, mjane aliyekuwa na mtoto huyo mmoja tu, alijifunga buibui lake na kushuka mbele ya polisi kama mwizi wa kuku. Dirishani kwa jirani mtu alisema, "Astaghfirullahi, mama mzazi!" Wala hakuteta kwa sauti ya chini.

Kituoni Dama alimweka kwenye kiti cha mbao.

"Ulimpa nini?"

"Aspirini. Mwili ulikuwa wamuuma, mwanangu. Viungo, mgongo, hata macho."

"Mara ngapi?"

"Kila alipolia."

"Nani alikwambia umpe?"

"Kliniki. Walimpima homa ya denge, wakasema hana. Ni homa ya kupita, mpe dawa yoyote ya maumivu. Ningejua ni denge ningempa? Hapa mjini hata mtoto ajua denge na aspirini hazikai pamoja." Akainua uso. "Nambie kweli, mwanangu. Ni mimi niliyemuua?"

Dama alimruhusu aende nyumbani kwa dhamana, kisha akaianza kazi ambayo alipaswa kuianza kabla ya kupanda zile ngazi.

Hospitali ilikuwa imehifadhi sampuli ya damu ya marehemu. Majibu ya maabara yalikuja yakiwa wazi: virusi vya denge.

"Chembe za kugandisha damu zilikuwa zimepungua mno," daktari alimweleza. "Aspirini ikamalizia. Lakini alipimwa kliniki siku ya pili ya homa. Wakati huo virusi hujaa tele mwilini. Kipimo cha haraka kilipaswa kuviona."

"Hakiwezi kukosea?"

"Chaweza. Ndiyo maana sitakula kiapo."

Kliniki yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Muuguzi aliitwa Sheryl. Mpimaji wa maabara aliitwa Imran, kijana wa mtaa wa Buxton, mrefu, mwenye vidole vyembamba na ndevu chache alizozitunza.

"Damu uliitoa wewe?" Dama alimuuliza Sheryl.

"Mimi, afande. Kichupa kimoja, mkono wa kushoto. Nikampa Imran mkononi mwake, nikarudi kwa wagonjwa. Asubuhi ile walijaa hadi barazani."

Dama aligeuka. "Nawe ulipokea?"

"Vipimo vya haraka hukosea, afande," alisema Imran. "Imeandikwa hata kwenye boksi."

"Sijakuuliza kama hukosea. Nimekuuliza kama ulipokea."

"Nlipokea."

Hakuinua macho.

Kwenye kona palikuwa na ndoo ya taka za maabara. Gari la kuzipeleka kuchomwa lilikuwa halijapita wiki mbili. Dama alivaa glavu, akamrushia Joab jozi nyingine.

"Afande, mimi niliandikwa polisi," Joab alinung'unika. "Sikuandikwa kunguru."

"Leo ni kunguru. Inama."

Walivitoa vibao vya kipimo kimoja kimoja, wakavipanga juu ya gazeti. Ni vibao vidogo vya plastiki, kila kimoja kimeandikwa jina la mgonjwa kwa kalamu. Juu pana dirisha ambamo mistari hujitokeza: mmoja huonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, wa pili ukitokea ndio ugonjwa. Chini pana kitundu cha kudondoshea damu, kisha dawa ya maji ya kuisukuma.

Dama alivitazama kwa muda. Hakutazama mistari, alitazama vitundu. Vyote vilikuwa vimekauka rangi ya kutu, vya wagonjwa na vya wazima. Kimoja tu kilikuwa cheupe kama pamba mpya. Juu yake paliandikwa: Rumana.

"Sheryl, ngoja nje kidogo," alisema. Kisha akavuta kiti. "Imran, toa kibao kipya. Usitie damu. Tia ile dawa ya maji peke yake."

"Afande, ni vya wagonjwa hivi..."

"Tia."

Matone yalidondoka, moja likaanguka mezani. Wakakaa wakingoja. Pangaboi lilikuwa likizunguka, na nje muuza kahawa aligonga vikombe vyake akapita. Joab alijikohoza. Imran aliiweka mikono chini ya mapaja, akaikalia.

Polepole, mstari mmoja ukajichora dirishani. Mmoja tu.

"Mgonjwa huyu hana denge," alisema Dama. "Hana hata damu."

Imran alianza kulia bila sauti.

"Kichupa kilikwenda wapi?"

"Kilinianguka. Kikapasuka hapo penye sinki."

"Sheryl angemtoa damu nyingine. Ni kazi ya dakika mbili. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema na nani? Mama yake alikuwa amekaa barazani, afande, na watu wote wale." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Baada ya Idi niliwatuma shangazi zangu wakaniposee Rumana. Walikwenda na sinia la halua. Sinia likarudi halijafunuliwa, na neno juu yake: mwanangu haolewi na mshika mikojo ya watu. Mtaa mzima ulicheka. Hadi leo watoto huniita Mshika Mikojo."

"Na siku ile?"

"Siku ile walipoingia, Bi Khursheed aliniona dirishani. Akasema kwa sauti, watu wasikie: 'Haya bwana harusi, leo washika damu yetu. Angalia usiimwage.' Baraza likaangua kicheko. Rumana peke yake hakucheka. Alinitazama kama aniombaye radhi." Alishusha pumzi. "Nami nikaimwaga. Nikasema nitoke vipi hapo mlangoni? Nikatia maji matupu. Nikajiambia ni mafua tu, kila mtu ana mafua. Kesho nitapita kwao niwaambie kipimo kirudiwe."

"Ulipita?"

"Nlifika hadi chini ya ngazi. Nikasikia sauti ya mama yake juu. Nikarudi."

"Ulimpenda, na ukarudi?"

"Haya zilinishinda, afande."

Joab alimfunga pingu taratibu, kama amfungaye mtu mwenye kidonda.

Jioni ile Dama alipanda tena zile ngazi. Alivua viatu mlangoni. Wanawake walikuwapo, na Abdulgani alikuwa ameketi ukumbini.

"Nilimchukua Bi Khursheed mbele yenu," alisema. "Kwa hivyo nasema mbele yenu. Mama huyu aliambiwa mwanawe hana denge, na alidanganywa. Hakukusudia ubaya. Mimi nilikosea kumtoa kwenye kisomo, nami namtaka radhi."

Abdulgani aliinamia bakora yake. Khursheed alimvuta Dama chumbani, akafunga mlango.

"Kwa nini kijana alifanya hivyo?"

Dama alitamani kumficha ukweli. Lakini mahakamani angeyasikia mbele ya umati, na umati ulikuwa umeshamtosha. Akamweleza yote, sinia na kicheko.

Khursheed aliketi juu ya kitanda cha bintiye.

"Nlikuwa natania," alisema. Baadaye akasema tena, "Nlikuwa natania tu, mwanangu." Halafu akageukia ukuta. "Bora ungeniacha kule kituoni."

Imran ameshtakiwa kwa kuua bila kukusudia, naye amekiri. Kliniki imefungwa. Watu wa mtaa ule wakishikwa na homa sasa huenda kupimwa mtaa wa Ganjoni.