Meza ya Kobe

Asubuhi za likizo, Anjelina hufagia uwanja wao kule Tegeta, huosha vyombo, kisha hukimbilia kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Humo shangazi yake, Editha, huchonga wanyama wa mawe.

"Shikamoo, shangazi. Na mie leo nataka kuchonga kobe."

"Marahaba. Utachonga, lakini jiwe halichongwi mapajani. Tengeneza kwanza meza imara. Mie nitakukatia mbao."

Anjelina alishika nyundo kwa bidii. Akapigilia miguu minne, akapigilia na uso wa meza. Zikabaki mbao fupi za kukaza miguu kwa mshazari. Mara akasikia sauti za wenzake nje.

"Anjelina! Njoo tucheze rede, tumepungukiwa mtu!"

Aliisukuma meza, ikayumba kidogo. Akachomeka kipande cha boksi chini ya mguu mmoja, akazificha zile mbao nyuma ya matofali, huyoo, akatoka mbio.

Siku zilizofuata alichonga kwa furaha. Gamba likatokea, miguu ikatokea, hatimaye kichwa kikachomoza, kimeinuka kama kinachungulia njia. Alikuwa anamalizia jicho aliposhusha nyundo kwenye tindo na meza ikalala upande. Shangazi alimvuta nyuma, na jiwe likaanguka pale pale alipokuwa amesimama. Kichwa cha kobe kikakatika.

Machozi yakamlengalenga Anjelina. Shangazi alimkagua miguu kwanza, kisha akainama kutazama chini ya meza.

"Mbao za mshazari ziko wapi?"

Angeweza kusema hazikutosha. Lakini alijibu, "Nilizificha nyuma ya matofali, shangazi. Nilitaka kuwahi rede."

"Haya, kazilete."

Waliinyanyua meza, wakakaza kila mguu. Wenzake walipoita tena, Anjelina aliwajibu bila kuinua kichwa, "Anzeni, nitakuja nikimaliza!" Alipomaliza alipanda juu ya meza akarukaruka. Haikutikisika hata kidogo. Shangazi akacheka, akaweka juu ya meza mfuko wa mchanga ili jiwe litulie.

Anjelina alimgeuzageuza kobe wake. "Shangazi, kobe akiogopa si huficha kichwa?"

"Hukiingiza ndani kabisa."

"Basi huyu ameogopa."

Akaanza kuchonga upya pale shingo ilipokatika, taratibu, mpaka pakawa shimo laini chini ya gamba.

Shangazi Editha alimpokea kobe, akamfuta vumbi. "Amependeza. Watu watamsifu, na hakuna atakayeinama kutazama meza aliyochongwa juu yake. Hata hivyo, ile sehemu isiyoonekana uliyoikwepa ndiyo iliyomwangusha, na nusura ikuumize. Kazi ifanye yote, mwanangu, hata mahali pasipo na mtu wa kukagua."

"Nimeelewa, shangazi."

"Sasa nenda kacheze."