Skafu ya Bata Doreen

— Leonie, hiyo skafu umeitoa wapi?

Mzee Merv, mjomba wake Darryl, aliuliza huku soseji iko mdomoni. Ukumbi ulikuwa umejaa ndugu wa Darryl, bia zinafunguliwa, na Leonie ndiyo kwanza alikuwa amevuta shuka kuonyesha mchoro wake. Harusi yake na Darryl ilikuwa kesho yake. Alikuwa amemchora Bata Doreen na skafu shingoni, yule bata wa saruji mrefu kuliko nyumba, anayesimama kando ya barabara kuu nje ya mji wa Wallara. Hapo ndipo Darryl alipompigia goti kumposa. Alitaka mchoro usimame karibu na keki.

— Kwenye picha alizopiga Darryl safarini, — alijibu akicheka. — Mimi huyo bata nimemwona siku moja tu, na siku hiyo nililia mpaka sikumwona vizuri. Kwani nimekosea, mjomba?

— Ukosee wapi! Kahawia na njano, rangi zetu za Wallara! Ninyi watu wa pwani hamjui. Doreen huvalishwa skafu wiki moja tu kwa mwaka, baada ya fainali ya mpira ya Septemba, rangi za timu iliyochukua kombe. Na sisi tumechukua mara moja tangu nizaliwe. Mwaka jana!

Akamgeukia mpwa wake, Darryl.

— We mbwa! Siku ya fainali nilikutafuta uwanja mzima, naambiwa uko kazini mgodini. Kumbe ulikuwepo!

Watu wakaangua kicheko. Leonie naye alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka. Fainali ya mwaka jana. Jumamosi hiyo alikuwa hospitali, mimba ya miezi sita inatoka, anapiga simu ambayo haipokelewi.

— Darryl, uliniambia picha hizi ni za Machi.

— Si za Machi? Nilizituma zote kwa mkupuo, mpenzi, sikuangalia. Bata ni bata.

— Bata ana skafu.

— Leonie, tuongee nje.

— Tunaongea hapa hapa. Siku ile ulikuwa wapi?

Mama yake Darryl, Beryl, alijipenyeza katikati yao na sahani ya keki, tabasamu limembana usoni.

— Mwanangu, wageni wanakula. Mambo ya zamani ya nini?

— Na wewe mama! Si wewe uliyenipigia simu? “Vumbi limefunga uwanja wa ndege, Darryl analia kule mgodini, hawezi kufika.” Ulinibembeleza mpaka nikamwonea huruma yeye!

Beryl akaiweka sahani mezani.

— Ungetaka nikwambie nini? Madaktari walishasema mtoto haponi. Darryl angekuja kufanya nini, kukaa kwenye benchi? Wallara walikuwa hawajawahi kuchukua kombe, Leonie. Kijana alikulia pale.

Hata Mzee Merv aliacha kutafuna.

— Kwa hiyo hakukuwa na mwanamke, — Leonie alisema polepole.

— Hakuna mwanamke! — Darryl akadakia, kama mtu aliyeona mlango wa kutokea. — Naapa! Mpira tu, mimi na washikaji. Sijawahi kukusaliti!

— Afadhali ungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningeweza kumchukia.

— Niliogopa, Leonie. Hospitali zinaniogopesha, unajua.

— Nani alipiga mkwaju wa ushindi?

— Nini?

— Siku ile. Wa mwisho. Nani alipiga?

— Scotty Pruett, — Darryl alijibu hata bila kufikiri. — Kutoka pembeni kabisa, king'ora cha kumaliza mechi kimeshalia...

— Na mwanao alikuwa wa kike au wa kiume?

Darryl akamtazama mama yake. Beryl naye akatazama sakafu, maana hata yeye hakujua. Mwaka mzima Leonie alikuwa akisubiri kuulizwa, na kila alipoligusa jambo hilo aliambiwa yaliyopita yamepita. Aliamini mchumba wake anaumia kimoyomoyo. Alimpikia, alimkanda mabega, alimlinda na msiba ambao mwenzake hakuwa nao. Hakuficha machozi.

Akavua pete, akaisukuma ndani ya keki ya krimu mpaka kidole kikazama.

— Mama, chukua. Mlishe kijana wako.

— Hao wageni wa kesho wameshafika kutoka Adelaide! — Beryl akafoka. — Unatutia aibu kwa ajili ya kitu ambacho hakikupumua hata mara moja?

— Mama, nyamaza! — Darryl alilia.

— Mwache aseme. Ndiyo neno la kwanza la kweli nililosikia katika familia hii.

Alitoka. Mchoro aliuacha palepale ukutani, na hakuna aliyethubutu kuufunika.

Alikuwa ameshaendesha mbali alipoegesha gari kando ya mashamba ya ngano na kusoma ujumbe wa Darryl:

“Nakuomba, Leonie. Harusi basi, nimekubali. Niambie tu, alikuwa wa kike? Ulimpa jina?”

Alimpa jina. Nesi mmoja asiyemjua ndiye aliyemshika mkono wakati anampa. Leonie akaandika jina lile, herufi zote, akaliangalia, kisha akalifuta. Akaandika upya:

“Muulize Scotty Pruett.”

Akautuma, akaifungia namba ya Darryl, akawasha gari.