Mwaliko Ambao Hakuna Aliyeutoa

"Mwambie baba yako chai ipo mezani."

"Mwambie mama yako nimeiona."

Ndivyo asubuhi zilivyoanza nyumbani kwa yule msichana ambaye shangazi yake alimtania kwa jina la Redio. Baba, fundi seremala, na mama, mshonaji, walikaa meza moja, lakini walikuwa wamenuniana tangu mvua zilipoanza. Kila neno lilipitia kwa binti yao. Redio hakuipenda kazi hiyo hata chembe. Moyo ulimuuma hadi chai ikawa haipiti kooni.

Siku moja alitazama filamu kwa shangazi. Mume na mke waliogombana walipatanishwa na mtoto wao kwa uongo mdogo tu, wakakumbatiana huku muziki ukipigwa. Loo! Kumbe ni rahisi hivyo?

Jumamosi akaenda karakana. "Baba, mama anaomba mwende sinema leo mchana. Anasema amekukumbuka."

Baba aliiacha randa juu ya ubao. "Amesema hivyo? Yeye mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

Kisha mbio hadi kwa mama, akamwambia yale yale, kana kwamba yametoka kwa baba. Mama alitabasamu, akakaza kifungo kilicholegea cha gauni lake la buluu.

Ukumbini Redio alikaa nyuma yao. Baba alikuwa amenyoa ndevu, na nywele zake hazikuwa na vumbi la mbao. Kwenye skrini, mke alikuwa akimsamehe mumewe. Baba akamwinamia mama.

"Asante kwa kuniita. Nilidhani umenichoka."

"Mimi? Si wewe uliyeniita?"

Wote wawili wakageuka nyuma, na Redio akaangua kilio.

Nje, penye ngazi, alikiri yote. "Nilitaka mzungumze tu!"

Basi wakazungumza, bila mjumbe, yeye akiwa amekaa kando. Hawakupaza sauti. Baba alifuta macho kwa kiganja. Mwishowe mama akamwita.

"Baba yako atahamia karakana, mwanangu. Hatuwezi tena kuishi pamoja."

"Ni kwa sababu ya uongo wangu?"

"Hapana. Haya ni yetu, yalianza zamani," mama alisema. "Lakini ulitupa tumaini ambalo halikuwapo, nasi tukalivalia nguo nzuri. Limetuuma sana. Ukibeba neno la mtu, lifikishe kama lilivyo, hata likiwa chungu."

"Na sisi tumekukosea zaidi," baba akaongeza. "Tulikutwika mzigo wa watu wazima. Kuanzia leo hutumwi tena."

Asubuhi iliyofuata sanduku la baba lilikuwa mlangoni. Mama alimimina vikombe vitatu.

"Chai ipo mezani," akamwambia baba, yeye mwenyewe.

"Nimeiona. Asante."

Hakuna aliyemtuma Redio. Alikaa katikati yao akilia, na siku hiyo chai ilipita.