Ngoma ya Lugendo

Zama zile ambapo pembe za ndovu zilishuka pwani mabegani mwa watu, na shanga na kaniki zikapanda bara mabegani mwa watu wale wale, nchi ya Ulonge ilikuwa na kirangozi aitwaye Lugendo. Kirangozi ndiye atanguliaye msafara. Lugendo alivaa joho jekundu na manyoya ya korongo kichwani, na kifuani alining'iniza ngoma ndogo. Hayakuwa madoido. Njia nzima watu walijua kwamba msafara unaotanguliwa na joho na ngoma unakuja kwa heri, na mwenye silaha anayechomoza msituni kimya kimya ni mvamizi. Kwa hiyo ilikuwa mwiko kumpita kirangozi, uwe mpagazi, uwe mwana wa mfalme.

Mwaka wa ukame mkubwa, Mtemi wa Ulonge alimtuma Lugendo Ziwa Igimbi kununua chumvi, akamwongezea na mwanawe Kasanda, kijana ambaye vita vyake vyote alikuwa amepigana na kanga. Huko Igimbi Lugendo alikuwa amechanjiana damu na Mpandula, mkuu wa wavuvi, akamwapia kwamba hakuna mtu wa Ulonge atakayefika kwake kwa shari.

Porini viriba vilikauka. Wapagazi walilamba umande kwenye majani. Asubuhi moja Lugendo aliona makundi ya firigogo, ndege wa nchi kavu wasiokosa kwenda kunywa kukipambazuka, yakivuka kilima kilichokuwa mbele.

"Ziwa liko nyuma ya kilima hiki," alisema. "Jipangeni. Nitapiga ngoma, tungoje wenyeji waitikie."

Kasanda alishika bunduki yake ya gumegume akampita mbio, na walinzi wake wakamfuata.

"Rudi, mwana wa Mtemi! Ngoma haijalia!"

"Maji nayo yanabishiwa hodi?" Kasanda alicheka. "Mimi ndiye wa kwanza kuliona. Tangu leo ni Ziwa Kasanda!"

Wa kwanza! Watu walikuwa wakivua na kuchemsha chumvi pale tangu enzi za mababu wa mababu zao, na huyu asiyeweza kuiona njia ya kwao bila kushikwa mkono alikuwa amelivumbua! Lugendo aliipiga ngoma kwa nguvu zake zote, lakini wapagazi nao waliyaona maji wakateremka wakipiga kelele, na mlio ukamezwa.

Wanawake waliokuwa kwenye vyungu vya chumvi waliona bunduki zikitoka msituni, wakapiga yowe. Waume zao walishika mikuki ya kuvulia. Kasanda akaogopa, na kwa woga wake akafyatua. Mpandula alianguka ukingoni mwa maji, mikono juu, macho yakitafuta joho jekundu. Baada ya hapo risasi ziliwamaliza watu wenye mikuki ya samaki, na chumvi iliyokwenda kununuliwa ikabebwa bure. Hivyo si vita. Ni unyang'anyi, na jina lake jingine silijui.

Waliporudi Ulonge, malenga wa boma alikuwa na utenzi tayari: Kasanda mvumbuzi wa ziwa, Kasanda simba wa Igimbi. Mtemi akageuka.

"Lugendo, itikia kwa ngoma."

"Ngoma hii ni ya amani, Mtemi. Siku ile ilizibwa mdomo. Leo haitasema uongo."

"Unamwita mwanangu mwongo mbele ya watu?"

"Namwita mwuaji wa ndugu yangu. Wimbo huo utaje waliokufa, nami nitapiga mpaka mikono ichubuke."

Baraza zima likainamisha vichwa. Walikuwemo wapagazi waliojionea kwa macho yao, wakitafuna nyama ya karamu. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo walivyojitetea baadaye. Mtemi akamwamuru atoke katika nchi yake kabla jua halijatua.

Lugendo alirudi Igimbi peke yake, hana msafara nyuma yake. Alipofika kilimani alipiga ngoma, akangoja. Hakuna aliyeitikia, wala hakuna aliyetupa mkuki. Mwishowe akapanda mwanamke mzee, mama yake Mpandula, akasimama mbele yake.

"Mlio huo naujua," alisema. "Siku ile mbona hatukuusikia?"

"Nilipitwa, mama."

"Mwanangu alitwambia tusikimbie. Alisema, kama ni Ulonge, basi Lugendo yumo."

Lugendo alipiga magoti, akalia bila kujificha. Bibi yule hakumwinua wala hakumfukuza.

"Waliokufa waliondoka bila ngoma ya kuwasindikiza," alisema. "Ishike. Mimi nitawataja, wewe upige."

Akaanza na mwanawe. Kila jina Lugendo alilipigia, na watu wakaja mmoja mmoja kuongeza majina ya watu wao. Utenzi wa Kasanda ungali unaimbwa Ulonge, beti zake zote. Kati ya majina yale, ndani yake hamna hata moja.