Mkono wa Shemasi Ezell

Jumamosi moja ya Agosti, kwenye soko la vipuri vya magari ya zamani mjini Detroit, mikono miwili ilikutana juu ya kitasa cha mlango wa gari la Hudson la 1951. Mmoja ulikuwa wa Roscoe Dunham, fundi wa rangi. Wa pili ulikuwa wa mwanamke aliyevaa gauni la njano na kofia pana.

"Utakivunja," mwanamke alisema.

"Nimekishika tu, dada."

"Ndivyo msemavyo wote."

Roscoe alicheka, akamwachia. Jioni hiyo hiyo alikuwa gerejini kwa mwanamke huyo, kwa mwaliko wake, akiitazama Hudson yake.

Jina lake lilikuwa Verlene Mabry, muuguzi. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, Shemasi Ezell, aliyelipulizia rangi kwa mkono wake kiwandani, Barabara ya Jefferson, akalinunua jipya na kulipeleka kanisani kila Jumapili kwa miaka arobaini. Hakuna kilichobadilishwa, hata kitambaa cha viti. Chini ya dirisha la dereva rangi nyekundu ilikuwa imelika mpaka bati, umbo la yai. Hapo ndipo shemasi alipoegemeza kiwiko. Verlene alimweleza kwamba gari waweza kulitengeneza mara kumi, lakini uhalisi wake ukiugusa umekwisha. Roscoe aliitikia. Macho yake yalikuwa kwenye vishimo vya mashavu ya Verlene.

Akawa anapiga simu kila jioni.

"Umekula?" Verlene aliuliza siku moja.

"Nakula sauti yako."

"Basi utakonda, mpenzi."

Septemba, Verlene akiwa ibadani, Roscoe aliamua kumfurahisha. Kwa siku tatu alikuwa amechanganya rangi mpaka ikafanana kabisa. Akaziba lile yai. Verlene aliporudi na kofia yake nyeupe, aliweka kiganja mlangoni.

"Umemfuta," alisema.

Akamwomba aache mezani ufunguo wa gereji aliokuwa amempa. Simu zote alizopiga Roscoe baada ya hapo hazikupokelewa.

Mwishoni mwa Oktoba Verlene alipiga mwenyewe, akataka kujua kwa nini Roscoe anaingia gerejini kwake kwa siri. Roscoe aliapa kwamba hajafika mtaa ule.

"Basi njoo uone."

Alifika saa sita mchana. Rangi yake ilikuwa imetoweka, bati liko wazi, umbo lile lile la yai. Aliinama. Sakafuni hapakuwa na vumbi la rangi, wala batini mkwaruzo wa msasa. Kingo zililainika taratibu, kazi ya miaka mingi, na yeye alipaka wiki tano tu zilizopita. Pumzi zao zilionekana kwa baridi, lakini alipogusa bati lilikuwa na joto la ngozi.

Kisha wote wawili wakaona kiti cha dereva. Kilikuwa kimebonyea.

Verlene alianza Baba Yetu kwa sauti ya chini. Roscoe akaipokea katikati, wakaimaliza pamoja. Miguu ya Roscoe ilitaka kukimbia. Badala yake alivua kofia, akazunguka, akaingia upande wa abiria.

"Mzee," alikiambia kiti kitupu, "nilifuta nisichokijua. Nisamehe. Nampenda binti yako. Naomba ruhusa yako nimuoe."

Halafu springi zililia, na kiti kikainuka polepole, kama mtu mzito anaponyanyuka. Komeo la mlango wa dereva lilifunguka. Verlene, aliyesimama pale, akasogea pembeni kama mtu anayempisha mkubwa wake.

Verlene alipogusa bati, lilikuwa baridi.

Alilia sana, ameushika mlango ule, na Roscoe hakuthubutu kutoka. Mwishowe Verlene alijifuta uso kwa mkono wa koti, akaketi kwenye kiti cha baba yake, akafunga mlango taratibu.

"Umemwomba yeye," alisema.

"Ndiyo."

"Yeye ameshaondoka. Sasa niombe mimi."