Kidole cha Kivulinuru

Kila Jumapili saa tisa alasiri, kisanduku cha ukutani hukoroma kidogo, kikatema mwanga, na Kabula akatokea uani ameketi kwenye kigoda, ilhali mwili wake uko Mirihi.

Mtambo huo uliitwa kivulinuru. Sauti husafiri zaidi ya dakika kumi kutoka Mirihi hadi Shinyanga, na hakuna mazungumzo yanayonoga kwa kusubiriana hivyo. Basi kivulinuru kilipokea ujumbe wa Kabula, kikajifunza cheko lake na ukali wake, na penye pengo akiliunde ikajaza kwa maneno yake yenyewe. Mzee Lugembe, baba yake, fundi umeme mstaafu na mgane, alilijua hilo. Alidhani mapengo ni madogo tu.

Jumapili hiyo alikuwa akiongeza upande wa pili wa kichanja cha mimumunye. Wa kwanza ulikuwa umeshazaa. Roboti wa mtaa angekimaliza kwa nusu saa, lakini Lugembe alimfukuza. Kabula ndiye aliyeomba: "Baba, nikirudi nikute kivuli cha mimumunye kama cha mama." Kazi ya mwanawe aipe bati? Alilaza fito, akazifunga kwa kamba ya katani hadi vidole vikachubuka.

"Umekonda, baba," Kabula alisema.

"Acha uzushi."

"Na fundo hilo limelegea."

"Njoo ulikaze wewe, mdomo tu!"

Kabula akacheka, cheko lake lenyewe hasa. Kisha akainua mkono. "Lo, ona lile, limeshaanza!" Akalinyooshea kidole mumunye changa lililokuwa bado na manyoya.

Lugembe aliacha kamba. Mumunye changa halinyooshewi kidole, litaoza. Huonyeshwa kwa ngumi. Kabula alilijua hilo tangu ana miaka sita, aliponyooshea moja kidole, likaoza, akalia siku mbili. Toka hapo alionyesha kila kitu kwa ngumi, hata basi, hata mchumba aliyemleta nyumbani.

"Kabula, mara ya mwisho umenitumia sauti yako lini?"

Kwa sheria, kivulinuru kikiulizwa waziwazi hakiruhusiwi kudanganya.

"Miezi kumi na moja iliyopita, baba."

"Kabula mwenyewe ni mzima?"

"Ni mzima, yuko kazini. Hajatuma kitu."

"Na kichanja je? Nani aliniomba kichanja?"

"Mimi. Niliona unahitaji kazi ya mikono, baba."

"Usiniite baba," Lugembe alisema, akakizima.

Upweke ulimshika pale pale uani, mchana kweupe, majirani wakipika. Alilitazama lile fundo. Kweli lilikuwa limelegea, akalikaza.

Mumunye lililonyooshewa kidole halimalizi siku tatu. Maisha yake yote Lugembe alikuwa akiyalinda mamumunye yasioze, lakini wiki ile kila asubuhi alichuchumaa chini ya kichanja akiliomba lile moja lioze. Likioza, basi aliyekaa kwenye kigoda alikuwa mtu, japo kidogo. Siku ya tatu alilibonyeza, lilikuwa gumu. Siku ya tano lilikuwa limeongezeka.

Jumapili saa tisa hakuwasha kisanduku. Mumunye lilikuwa limenona, halina hata doa. Lugembe alilishika kwa viganja viwili, akalia.