Deodata Hakuwa Mgumba

Asubuhi ile Melania alichota maji, akafagia uwanja, akapika uji. Kisha akafunga nguo zake furushi. Mama mkwe wake, Ernesta, alikuwa amemwambia arudi kwao, kwa kuwa hazai.

Pancras, mumewe, alikubaliana na mama yake. Hata mke wake wa kwanza, Deodata, alimrudisha kwao kwa sababu hiyohiyo, na ng'ombe wa mahari akamdai baba yake, akarudishiwa. Maskini Deodata alihangaika na dawa za waganga hadi dawa moja ikamuua. Pancras hakujiuliza kitu. Mwanaume gani hujiuliza?

Wakati huo watu wa Nemba, kina Pancras wakiwemo, walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa. Jirani yao alikuwa Secilia, mkunga wa zahanati. Aliliona lile furushi.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Ernesta.

"Marahaba."

"Melania tulimpima, hatukuona tatizo. Pancras je, amepimwa?"

Ernesta alicheka. "Apimwe nini? Mwanangu ana nguvu zake."

"Nguvu si mbegu, mama. Mwanaume anaweza kutoa manii kama kawaida, kumbe ndani hamna mbegu. Macho hayazioni. Hospitali wana darubini. Wanatazama kama zipo, kama ni nyingi, kama zinaogelea." Akamgeukia Pancras. "Uliwahi kuugua matumbwitumbwi ukubwani?"

Pancras alikumbuka. Alipokuwa kijana mashavu yalimvimba, kisha korodani. Hofu ikamshika.

Alimwambia Melania asubiri na furushi lake, akaenda hospitali shingo upande. Mpimaji hakuona hata mbegu moja.

"Kipimo kimoja hakitoshi," alisema. "Rudi mwezi ujao."

Alirudi. Hakukuwa na kitu.

"Wengine hutibika," mpimaji alimwambia. "Wewe ugonjwa ule uliziharibu korodani. Dawa yake hatuna."

Pancras alifika nyumbani, akalifungua furushi kwa mikono yake. "Mama, tatizo ni mimi," alisema. Ernesta aliinama.

"Nitabaki," Melania alisema. "Lakini dawa za waganga sinywi tena."

Kesho yake Pancras alimswaga ng'ombe hadi kwa mzee Protasi, baba yake Deodata.

"Shikamoo, baba. Mgumba nilikuwa mimi, si Deodata. Nimekurudishia ng'ombe wako."

Mzee alimtazama ng'ombe, akamtazama Pancras.

"Ng'ombe nimemwona," alisema. "Deodata yuko wapi?"